Nimepata mchumba Leeds, na mkataba unanitaka nyumbani: nifanyeje?

Swali: Mimi ni Mtanzania, mkufunzi msaidizi katika chuo kimoja cha umma Morogoro. Niko Leeds kwa shahada ya uzamili, kwa ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza. Sikuja kutafuta mchumba, lakini tangu Novemba nina uhusiano na Mwingereza anayesoma uzamivu, na sasa anataka tufunge ndoa kabla sijaondoka. Kozi inaisha Septemba, visa inaisha mwishoni mwa Januari. Rafiki zangu wananiambia tukishafunga ndoa nabadilisha visa na kubaki, mengine yatajipa. Je, ndoa inanipa haki ya kubaki? Na nikirudi, nitampoteza?

Jibu: Dada, tuanze na hilo linalokunyima usingizi. Kuolewa na Mwingereza hakukupi haki ya kubaki Uingereza. Kunakupa haki ya kuomba visa ya mwenza, na ombi hilo lina masharti yake. Rafiki zako wana ukweli nusu: mwenye visa ya mwanafunzi anaruhusiwa kubadili akiwa humo humo nchini, tofauti na aliyeingia kwa visa ya matembezi. Nusu waliyoiruka ni fedha za mchumba wako na saini zako mbili: ya Chevening, na ya chuo kilichokupa ruhusa ya masomo.

Fedha kwanza. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, anayemwombea mwenzake visa hii lazima aonyeshe kipato kisichopungua pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Mchumba wako ni mwanafunzi. Kiwango cha chini cha posho ya uzamivu inayolipwa na UKRI, chombo cha serikali kinachofadhili utafiti, ni pauni 20,780 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Posho hiyo inakubalika kuwa kipato, na kwa kuwa haikatwi kodi inaweza kuhesabiwa kama mshahara ambao haujakatwa. Hapo inapanda hadi kama elfu ishirini na nne hivi. Lakini ni lazima iwe imebakiza angalau mwaka mmoja wa masomo wa kulipwa. Kama yuko mwaka wa mwisho, basi hata hiyo haimfai. Kuna anayeziba pengo kwa akiba, ila hesabu yake ni kali: chukua kiasi kinachopungua kufikia 29,000, zidisha kwa 2.5, kisha jumlisha 16,000. Mwenye kipato cha 25,000 anahitaji akiba ya pauni 26,000 iliyokaa benki miezi 6 bila kushuka chini ya hapo. Asiye na kipato kabisa anahitaji 88,500.

Ukiombea ndani ya nchi, kipato chako nawe kinaunganishwa, mradi kazi ni halali na, kwa njia iliyo rahisi, umekaa miezi 6 kwa mwajiri mmoja. Kwa hiyo kwa wanandoa wengine wanafunzi jambo hili linawezekana kabisa. Kwako wewe kuna mikataba.

Sharti la Chevening ni kurudi katika nchi yako kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya ufadhili kuisha. Hili watu hulichanganya sana, kwa hiyo nilieleze taratibu. Ukiomba visa ya Graduate, ile inayomruhusu mhitimu kubaki na kufanya kazi, na ada pamoja na matumizi yako yalilipwa na serikali au shirika la ufadhili ndani ya miezi 12 iliyopita, Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza inayotoa visa, inadai barua ya mfadhili ya kukuruhusu. Visa ya mwenza haidai barua hiyo. Ndiyo maana rafiki zako wanaona mlango uko wazi. Ofisa wa visa hatauliza. Atakayeuliza ni mfadhili, na msingi wake ni mkataba uliousaini wewe mwenyewe. Soma kipengele cha kurudisha fedha kabla hujasikiliza ushauri wa mtu yeyote, wangu ukiwemo, kisha kokotoa: ada ya uzamili ya mwanafunzi wa kigeni, posho ya kila mwezi, tiketi ya ndege, ada ya visa. Hilo ni deni la kuanzia nalo maisha ya ndoa kwa mtu ambaye mumewe bado anaishi kwa posho.

Na huo ni mkataba mmoja. Mkufunzi aliyepewa ruhusa ya masomo na mwajiri wa umma kwa kawaida amesaini bondi ya kurudi kutumikia, na mara nyingi ameweka wadhamini. Usiporudi, chuo kinaweza kudai mshahara uliokuwa unaingia ukiwa masomoni, na barua ya madai inamfikia mdhamini kwanza kwa sababu yeye ndiye anayepatikana. Angalia mdhamini wako ni nani. Kama ni mjomba mwenye nyumba moja Kihonda, jambo hili si lako peke yako.

Habari njema, ambayo wengi hawaioni, ni kwamba miaka hii inakwenda sambamba. Ukirudi kazini Tanzania, siku ile ile inahesabika kwa Chevening na kwa bondi. Na katika muda huo huo mchumba wako anamaliza uzamivu, anapata kazi, anafikisha kipato. Kwa hiyo ushauri wangu ni urudi. Fungeni ndoa wakati mnaoutaka ninyi, hapo au nyumbani, halafu ombeni visa ya mwenza mkiwa tayari, wewe ukiwa Dar es Salaam.

Kama mtataka kufunga Leeds kabla hujaondoka, hakuna kinachowazuia. Ndoa haivunji sharti la kurudi. Kubaki ndiko kunakolivunja. Mnakwenda pamoja ofisi ya msajili wa ndoa kutoa taarifa, baada ya kila mmoja kuishi siku 7 kamili katika wilaya ya usajili. Kwa kuwa wewe si Mwingereza na huna ukaazi wa kudumu, lazima iwe ofisi iliyoteuliwa kupokea wageni, na taarifa yenu hupelekwa Home Office. Muda wa kawaida wa kusubiri ni siku 28, lakini wana mamlaka ya kuurefusha hadi 70 wakitaka kuchunguza kama ndoa ni ya kweli. Hesabu kwa 70. Ukitaka ndoa Desemba, taarifa itolewe Septemba, si Novemba baada ya kukabidhi tasnifu na kupumzika. Chukua pasipoti, uthibitisho wa anwani, picha za pasipoti, na msimbo wa kuonyesha visa yako ya kielektroniki. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, lazima iwepo hati ya mwisho ya talaka.

Hapa niwaonye hasa wasomaji Waislamu, kwa sababu kosa hili linawaumiza wengi wa Pwani walioko Uingereza. Nikaha iliyofungwa sebuleni, au katika msikiti usiosajiliwa kwa ndoa, bila taarifa kwa msajili, si ndoa mbele ya sheria ya Uingereza. Ni halali kwa dini yenu, ila haiwezi kubeba ombi la visa ya mke, na mkiachana mahakama haina ndoa ya kuvunja wala mali ya kugawa. Fungeni kwanza kwa msajili, nikaha ifuate siku hiyo hiyo kama mnapenda. Nikaha iliyofungwa Tanzania na shehe mwenye leseni, ikasajiliwa na cheti kikatoka, ni jambo tofauti: hiyo inatambulika, ilimradi hakuna aliyekuwa na mwenzi mwingine.

Mimi ningependelea mfunge Tanzania. Sababu yangu ya kwanza wala si ya kisheria: mama yako hajamwona huyu kijana. Posa yenye barua, mshenga, na wazee waliokaa kwenye mkeka ina uzito ambao picha za simu hazina, na, niseme tu, ofisa wa visa naye akiona picha za familia mbili zimekaa pamoja Morogoro anaelewa haraka kuliko akisoma kurasa mia mbili za WhatsApp. Mahari mwelezeni mapema. Mwingereza akisikia neno hilo kwa mara ya kwanza mbele ya wajomba anaweza kudhani ananunua mtu. Kisheria, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, iwe kwa msajili wa serikali au kwa kiongozi wa dini aliyepewa leseni. Yeye atatakiwa kuthibitisha kwamba hana ndoa nyingine. Mwulizeni msajili atakayewafungisha anakubali karatasi ya namna gani, aje nayo kutoka Uingereza, maana kuitafuta akiwa tayari hotelini Dar ni kupoteza likizo yake yote. Mkifunga kanisani, ongezeni muda wa matangazo ya Jumapili, na kama hakubatizwa, muda wa kibali cha askofu.

Majina yakaguliwe kabla ya ndoa, wala si baada yake. Watanzania wengi wana vyeti vya shule vyenye jina la baba mwishoni, pasipoti yenye jina la babu au la ukoo, na cheti cha kuzaliwa chenye majina mawili tu. Msajili anaandika kama pasipoti ilivyo, na ghafla cheti cha ndoa kinamtaja mtu ambaye shahada yake ya Leeds haimjui. Kama yanatofautiana, tengeneza deed poll, yaani hati ya kisheria ya kurekebisha jina, mapema, na cheti cha ndoa kifuate jina lile lile. Na usikimbilie kuchukua jina la mume kwenye pasipoti wakati ombi la visa liko njiani.

Sasa ombi lenyewe. Kwa viwango vya Aprili 2025, ada ukiwa nje ya Uingereza ilikuwa pauni 1,938. Tozo ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka. Visa inatolewa kwa miezi 33, ambayo kwa tozo huhesabiwa miaka 3, yaani pauni 3,105. Jumla kwa viwango hivyo ni 5,043 kabla ya tiketi. Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo wekeni kando zaidi kidogo. Uamuzi kwa kawaida huchukua kama wiki 12. Kwa hiyo ombi linaweza kuingizwa miezi mitatu hivi kabla ya miaka yako miwili kutimia, na kufikia hapo mumeo awe na miezi 6 kazini kwa mwajiri huyo huyo.

Slipu za mshahara ndizo zinazoangusha wengi. Zinatakiwa zote za miezi 6, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, aina ya mkataba na tangu lini. Ofisa anachukua slipu ya Machi, anatafuta kiasi kile kile kwenye taarifa ya benki ya Machi. Slipu ikisema 2,014.37 na benki ikaonyesha 1,900 kwa sababu mwajiri alikata kitu pembeni, bila maelezo hiyo ni shaka. Ushahidi wa kipato usiwe umepitwa kwa zaidi ya siku 28 siku mnayowasilisha, na hapa ndipo wanaokusanya karatasi taratibu kwa miezi wanapokwama: wakimaliza za mwisho, za kwanza zimechakaa. Pia kipato chako cha Tanzania hakihesabiki ukiombea nje, hata uwe profesa.

Kiingereza hakitakusumbua, shahada ya chuo cha Uingereza inatosha. Kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwa anayeomba kutoka Tanzania, katika kliniki iliyoidhinishwa, na cheti chake hudumu miezi 6. Kama utakuwa mjamzito waambie kabla ya picha ya eksirei. Kuhusu makazi, chumba chenu wenyewe katika nyumba ya kupanga kinakubalika, mkiwa na mkataba wa pango na barua ya mwenye nyumba kwamba anajua unakuja.

Ushahidi wa uhusiano uanze kukusanywa leo, ukiwa bado Leeds: mkataba au bili yenye majina yenu, tiketi za safari mlizofanya, picha zenye watu wengine ndani yake. Katika miaka miwili ya kuwa mbali, chukueni kurasa chache za mazungumzo kwa kila mwezi badala ya furushi zima. Mihuri ya pasipoti ya safari zake Tanzania ina nguvu kuliko maneno. Visa ya kawaida ya Tanzania kwa Mwingereza ni dola 50 na inampa hadi siku 90. Mkitaka kwenda Zanzibar akumbuke bima ya lazima ya dola 44, iliyoanza Oktoba 2024. Wewe ukitaka kumtembelea, omba visa ya matembezi na useme wazi kwamba una mume au mchumba huko. Ficha hilo, likigundulika linachafua hata ombi la mwenza. Onyesha barua ya likizo na slipu zako za chuo, maana kazi yako Morogoro ndiyo hoja yako kubwa ya kwamba utarudi. Wala usiende kwa visa ya matembezi ukidhani utaibadilisha huko. Haibadilishwi kuwa ya mwenza.

Visa ya uchumba ipo, ila sioni inamfaa nani katika hali yenu. Unalipa ada ile ile ya kuombea nje, unapewa miezi 6 bila ruhusa ya kufanya kazi, mnafunga ndoa, kisha mnalipa tena kuomba ya mwenza.

Kuna njia moja wanandoa wa aina yenu huisahau: yeye aje. Kama utafiti wake unaweza kugusa Tanzania, kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pamoja na kibali cha ukaazi daraja C vinamwezesha kukaa kihalali akikusanya data. Miezi sita ya kuishi nyumba moja Morogoro, umeme ukikatika na wageni wakija bila taarifa, itawaonyesha mengi kuliko mwaka wa kahawa za maktabani.

Hapo naingia kwenye swali lako la pili, kama utampoteza. Siwezi kulijibu kwa niaba yake. Naweza kusema kwamba uhusiano ulioanza Novemba mjini Leeds ulianza katika msimu ambao jua linazama saa kumi kasorobo alasiri, mtu yuko peke yake, na kila anayemsikiliza anaonekana mwokozi. Hilo halifanyi mapenzi yenu kuwa ya uongo, ila linataka myaone na kiangazi. Mpe mkataba wako wa Chevening ausome mwenyewe, wote, halafu sikiliza anachosema. Anayesema "basi tupange miaka miwili" na anayesema "achana nao hao" wamekujibu tayari. Na kama katika kazi zake za kufundisha yeye ndiye anayesahihisha kazi zako, hilo litangazwe idarani wiki hii. Tangu Agosti 2025 vyuo vya Uingereza vinatakiwa kuwa na taratibu za wazi kuhusu uhusiano wa kimapenzi kati ya wafanyakazi na wanafunzi, na alama zako zisije zikatiliwa shaka.

Ukishahamia kwa visa ya mwenza unaruhusiwa kufanya kazi yoyote, ila hutapata ruzuku za serikali. Kwa utaratibu wa sasa unaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 5. Ndoa ikivunjika kabla ya hapo, msingi wa visa unaondoka. Lakini kama imevunjika kwa sababu ya ukatili wa nyumbani, sheria ina njia ya kuomba ukaazi wa kudumu bila yeye, na wanawake wengi wanavumilia kipigo kwa kutoijua.

Ukaazi wa kudumu haugusi Utanzania wako. Uraia ndio unaougusa, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili; Mkenya mwenye swali kama lako angejibiwa tofauti, nchi yake iliruhusu kwa katiba ya 2010. Ukila kiapo cha Uingereza unaacha kuwa Mtanzania, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inamwekea asiye raia mipaka mikali ya kumiliki ardhi. Kama una kiwanja au unatarajia kurithi shamba, zungumza na wakili wa ardhi nyumbani kabla ya kujaza fomu ya uraia. Watoto mtakaowapata wanaweza kuwa na uraia wote wawili hadi watimize miaka 18, ndipo wachague.

Kwa sasa nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako. Wana washauri wa visa na hawatozi. Ukihitaji mtu wa nje, awe wakili, au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji huko, na jina la mshauri ulikague kwenye orodha yao kabla ya kutoa hata pauni moja. Halafu mwandikie mwajiri wako kwamba unarejea, ukitaja tarehe, ili nafasi yako kwenye ratiba ya muhula isigawiwe mtu mwingine.